Wapokeaji wa Ohio State 2025: unapimaje upana wa kikosi kabla ya mechi ya kwanza?

Yadi_Kumi

Wakuu, salaam. Mwaka huu wa 2025, Agosti 30, Ohio State wanawakaribisha Texas pale Columbus kwenye futiboli ya Marekani ya vyuo, na kila mjadala ninaousoma kuhusu wapokeaji (wachezaji wanaotoka kudaka pasi) unaanza na kuishia kwa Jeremiah Smith. Sina ubishi naye. Msimu wa 2024, akiwa mwaka wa kwanza chuoni, alidaka pasi 76, yadi 1,315, tachidauni (kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 15. Carnell Tate naye yupo bado, pasi 52 na yadi 733. Aliyeondoka ni Emeka Egbuka, pasi 81 na yadi 1,011, amechukuliwa na Tampa Bay ya ligi ya kulipwa, raundi ya kwanza ya uchaguzi wa vijana. Nafasi yake kwenye sloti (mpokeaji wa ndani) anatajwa Brandon Inniss. Baada ya hao watatu naona majina tu: Bryson Rodgers, Mylan Graham, David Adolph, na wageni kama Quincy Porter.

Swali: mtu anayeujua mchezo huu analipimaje kundi la pili kabla halijacheza? Wapo wanaohesabu nyota ambazo wapima vipaji waliwapa vijana wakiwa sekondari, wapo wanaohesabu vichwa. Natafuta njia ninayoweza kuifanya mwenyewe kwa video na takwimu zilizo wazi, na niitumie hata kwa timu nyingine.

Daftari_la_Mechi

Mkuu, kuhesabu vichwa achana nako. Timu inaweza kuwa na wapokeaji kumi na wawili na kikosi kikawa chembamba vilevile. Hesabu nafasi tatu, X na Z (wawili wa nje) na sloti, halafu kila nafasi uulize kama ina mtu wa pili anayeijua kazi ileile.

Hizi nafasi hazifanani, na sababu iko kwenye sheria. Timu inayoshambulia lazima iwe na watu saba kwenye mstari mpira unapoanza, na kati ya hao saba, wale wa mwisho wa mstari ndio wanaoruhusiwa kwenda kupokea pasi. X ni mmoja wao. Amesimama mstarini, hawezi kurudi nyuma wala kutembea, kwa hiyo konabeki (mlinzi wa pembeni) anamsogelea na kumwekea mikono kifuani. Z anasimama yadi moja nyuma ya mstari, anaweza kutembezwa upande wa pili kabla mpira haujaanza, na hiyo yadi moja inampa nafasi ya kupumua. Wa sloti yuko ndani zaidi, ana njia ya kushoto na ya kulia, lakini anakutana na walinzi wa katikati wenye miili mizito. Aliyezoea sloti ukimweka X ghafla atamezwa.

Sasa chukua karatasi, chora safu tatu, andika majina. Kisha futa jina moja la juu uone nani anaingia. Ukimfuta Smith kwenye X na jibu likawa "Tate anahamia X, Rodgers anaingia Z", jeraha moja limeshagusa nafasi mbili, na Tate anafanya kazi mpya mchana uleule. Ukimfuta Smith na mtu wa pili wa X akaingia bila mwingine kuhama, hapo una upana wa kweli. Fanya hivyo kwa majina yote matatu, halafu futa mawili kwa pamoja. Timu nyingi zinafaulu la kwanza na kuanguka la pili.

Halafu piga hesabu ya plei, yaani kila mara mpira unapoanza hadi unapokufa. Chukua mechi ya plei 60. Tuseme 40 zinachezwa na wapokeaji watatu na 20 na wapokeaji wawili pamoja na taitiendi wawili (wachezaji wazito wa ukingo wa mstari, wanaozuia na kupokea pia). Jumla ni nafasi 160 za kucheza. Wawili wa nje wakicheza 48 kila mmoja na wa sloti 36, wamekula 132. Zimebaki 28 kwa akiba wote. Kwa mechi 12 za kawaida ni 336; wagawie akiba watatu, kila mmoja anapata 112 msimu mzima. Sasa X wako akikosa mechi tatu tu, zinahitajika plei 144 kutoka kwa mtu mmoja, tena mfululizo, tena mbele ya konabeki bora wa mpinzani. Hizo ni nyingi kuliko alizocheza mwaka mzima. Na Ohio State mwaka jana walicheza mechi 16 hadi kutwaa ubingwa, kwa hiyo usipange hesabu yako kwa 12.

Kuzihesabu kwenye video: simamisha picha mchezaji wa kati akiwa ameinama kwenye mpira, andika namba za jezi za waliosimama nje na sloti, endelea. Mechi moja inakula kama saa moja na nusu. Tenga zile zilizochezwa tofauti ikiwa chini ya pointi 17. Zinazobaki ni mechi iliyokwisha, mpinzani naye ametoa wake. Angalia pia jezi: kwenye futiboli ya chuo wachezaji wawili wa timu moja wanaruhusiwa kuvaa namba ileile, ilimradi wasiwe uwanjani pamoja. Mara nyingi mmoja anashambulia na mwingine analinda. Ukisoma takwimu za mpira wa panti (teke la kumwachia mpinzani mpira) bila kuangalia sura, utampa mpokeaji plei za beki.

Beki_Namba2

Naunga mkono, ila mimi ningeanza na miguu kabla ya hesabu. Plei 112 zinakuambia kocha alimwamini kiasi gani, hazikuambii anaweza nini.

Mtazame akiba anapokabwa mstarini, hatua tatu za kwanza tu. Ambaye hajaiva anasimama na nyayo sambamba, mpira ukianza anarukaruka palepale kumchanganya beki. Beki hachanganyikiwi, anasubiri kiuno kigeuke, kisha anaweka mkono. Sekunde nzima imekwenda, na kwotabeki (mrusha pasi) anayerudi hatua tatu anataka kuachia mpira kabla ya sekunde mbili. Aliyeiva anatanguliza mguu mmoja, hatua yake ya kwanza inakwenda mbele hata kama ni fupi, na mkono wake unaupiga wa beki chini kabla haujafika kifuani.

Kisha tazama chokaa ya pembeni. Kwenye pasi ndefu ya nje, mpokeaji anatakiwa abakize kama yadi nne au tano kati yake na mstari, maana hapo ndipo kwotabeki anapoudondosha mpira. Akisukumwa hadi anakimbia juu ya chokaa, pasi ile imekufa hata kama amemwacha beki kwa hatua mbili. Kwenye takwimu itaandikwa kwotabeki alikosea. Mwaka huu Ohio State wana kwotabeki mpya baada ya Will Howard kuondoka, kwa hiyo makosa ya namna hii yatapachikwa kwake na mtamlaumu bure.

Jambo la vipimo vya uwanja watu hulipita. Uwanja una upana wa futi 160, na hashi za chuo (alama za ndani ambazo mpira huwekwa kati yake kuanza plei) ziko futi 60 kutoka kila upande. Mpira ukiwa kwenye hashi ya kushoto, upande mfupi ni yadi 20 na upande mpana ni yadi 33 na kitu. X mara nyingi ndiye anayeachwa peke yake upande mfupi: hana pa kukimbilia, lazima ashinde kwa mwili. Ndiyo maana kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza anaweza kung'ara upande mpana na kupotea kabisa upande mfupi. Smith aliweza kwa sababu alifika akiwa na urefu wa futi 6 na inchi 3 na uzito wa zaidi ya ratili 210. Usimpimie kila mgeni kwa kibaba hicho.

Na kuzuia, yaani kumsukuma beki asimfikie mwenye mpira. Tafuta plei za kukimbiza mpira pembeni uone kama yule akiba anabaki na mtu wake hadi filimbi, mikono ikiwa ndani, au anagusa na kuachia. Wapokeaji wengi wenye mikono mizuri wanabaki benchi kwa sababu hii moja, na ukisoma pasi walizodaka peke yake hutajua kwa nini.

Uwanja_wa_Tisa

Mfano mzuri kuliko yote uko Januari 2022. Timu mbili, siku tisa tu kati ya mechi zao, kila moja imekosa wapokeaji wake wawili wakubwa.

Januari 1, mechi ya Rose Bowl, Ohio State bila Garrett Wilson na Chris Olave, waliojitoa kujiandaa na ligi ya kulipwa. Jaxon Smith-Njigba akadaka 15 kwa yadi 347 na tachidauni 3. Marvin Harrison Jr., mwaka wa kwanza, tachidauni 3. Kwotabeki wao C.J. Stroud akarusha yadi 573, wakaifunga Utah 48-45.

Januari 10, fainali ya taifa, Alabama. John Metchie alikwishachanika kano ya goti kwenye fainali ya SEC (ligi ya kanda yao) mwezi mmoja kabla, akiwa na pasi 96. Robo ya pili Jameson Williams naye akaumia goti, akiwa na pasi 4 za yadi 65 tayari. Kwotabeki wao Bryce Young akalazimika kurusha mara 57, waliobaki nje wengi wao vijana, na Georgia wakashinda 33-18.

Na angalia hili: Williams alitoka Ohio State. Alihama 2021 kwa sababu mbele yake walikuwepo Wilson, Olave na Smith-Njigba. Akaenda Alabama akapata yadi 1,572. Kwa hiyo unapoandika safu zako tatu, yule wa nne mwenye kipaji mtie alama. Ndiye wa kwanza kuondoka. Dirisha la uhamisho la masika lilifungwa Aprili 25, kwa hiyo mwaka huu waliopo sasa ndio watakaocheza, lakini hesabu ya mwaka ujao inaanza na yeye.

Daftari_la_Mechi

Mfano ni mzuri, ila usizipime mechi hizo mbili kwa mzani mmoja. Ohio State walijua kabla ya mechi kwamba wawili hawatacheza, wakafanya mazoezi na watu wapya. Alabama walimpoteza Williams katikati ya mechi, mpango ukiwa umejengwa juu yake. Tena Utah walikuwa na majeruhi nyuma hadi wakamwanzisha mkimbiaji wao Micah Bernard kama konabeki, wakati Georgia wa mwaka ule walikuwa ukuta. Tofauti ya upana ilikuwepo, lakini si kubwa kama yadi zinavyoonyesha.

Uthibitisho ulio safi zaidi ni msimu wa 2022. Smith-Njigba aliumia msuli wa nyuma ya paja mechi ya kwanza na Notre Dame, akamaliza mwaka na pasi 5 tu. Harrison akapata yadi 1,263, Egbuka 1,151. Huko ndiko kumfuta mtu wa juu na nyumba ikabaki imesimama, miezi mingi, wapinzani wa kila aina.

Yadi_Kumi

Asanteni sana, hii nimeinakili. Mawili bado. Kwanza, takwimu zipi za akiba ninazoweza kuziamini? Pili, hawa wageni wa mwaka wa kwanza nitajuaje kama kocha anakusudia kuwatumia?

Beki_Namba2

La pili ni rahisi. Kwa sheria iliyoanza 2018, ambayo msimu huu wa 2025 bado ipo, mchezaji anaweza kucheza hadi mechi nne na msimu huo usihesabiwe kwenye miaka yake ya kucheza chuoni. Mgeni akionekana kwenye mechi ya tano, kocha ameamua. Kabla ya hapo, mtafute kwenye vikosi maalumu (vya plei za mateke): akikimbia kufukuza panti wiki ya kwanza, huyo yuko kwenye mpango. Na kwenye orodha rasmi ya kikosi ukiona "au" kati ya majina mawili, usisome kwamba wapo wawili wazuri. Mara nyingi hakuna aliyejitenga na mwenzake.

Daftari_la_Mechi

Takwimu ya kwanza kuiangalia ni yadi kwa kila njia aliyokimbia, yaani yadi zote ugawe kwa mara alizotoka kupokea, si kwa pasi alizodaka. Zaidi ya 2 ni mzuri. Chini ya njia 100 usiijengee hoja, kwa sababu pasi moja ya yadi 70 inaweza kuipandisha peke yake; iondoe hiyo moja uhesabu tena uone kinachobaki. Kudondosha nako kunahitaji angalau mipira 30 iliyofika mikononi. Akiba wengi hawafiki, kwa hiyo hapo rudi kwenye video: anadaka kwa viganja mbele ya mwili, au anausubiri ufike kifuani? Wastani wa yadi kwa kila pasi mimi siutumii kwa akiba hata kidogo. Wanaingia mechi imekwisha, mabeki wamechoka, unapata wastani wa 18 usio na maana.

Jambo moja hukulitaja, mkuu: taitiendi. Max Klare ametoka Purdue alikodaka pasi 51 kwa yadi 685 mwaka jana. Akicheza kama wanavyotarajia, zile plei za wapokeaji wawili zinaongezeka, na mpokeaji wa tatu anahitajika mara chache zaidi. Kwenye karatasi yako mpe safu ya nne. Ila hawezi kuwa jibu la X. Akifutwa Smith, Klare hawezi kumwacha beki upande mfupi.

Siku ya Texas, tazama wakati Smith anatoka kupumua. Andika nani ameingia, amesimama wapi, na plei iliyofuata ilikuwa pasi au mbio. Ukifika plei kumi za namna hiyo na nane ni mbio, wachambuzi wa timu pinzani nao wameziandika, na kuanzia wiki ya tatu mabeki watakuwa wanasogea mbele kila wakiiona jezi ile. Mkipata namba zenu zibandikeni hapa tulinganishe. Mmoja ahesabu nusu ya kwanza, mwingine ya pili.