Pesa ya usimamizi wa fildi nimelipa, msimamizi sijamuona. Chuo kitujibu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitoificha.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea uhasibu. Kwetu Pemba, chuo nasoma hapa Unguja. Wiki 8 za fildi zimemalizika Ijumaa, na stakabadhi ninayo mkononi: shilingi 60,000, imeandikwa "usimamizi wa mafunzo kwa vitendo". Huyo msimamizi hajatia mguu. Alinipigia simu mara moja, dakika 4 hazikufika, akaniuliza jina la taasisi niliyopo. Yaani hata nilipo alikuwa hapajui! Na maksi kashanipa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwezi wa tano niliomba nifanye fildi Chake Chake. Ningelala kwa wazee wangu, ningekula kwetu. Nikajibiwa haiwezekani, wasimamizi hawavuki kwenda Pemba, pesa ya safari hakuna. Kisiwa chenye watu zaidi ya nusu milioni kwa sensa ya 2022, wilaya 4, hospitali, mabenki, mabaraza ya miji, ofisi za wizara, halafu mtoto wa Pemba asiweze kujifunza kazi kwao! Dahalia nayo likizo inafungwa. Baba akatoa pesa ya karafuu aliyoiweka kwa kuezekea jiko, nikapanga chumba Fuoni, kila siku daladala kwenda na kurudi. Nimezuiwa kwetu ili msimamizi anifikie kwa urahisi, na hapa hapa Unguja hakunifikia.

Barua za utambulisho tumepewa Alkhamisi, fildi inaanza Jumatatu. Tukaambiwa kila mtu atafute pake. Nimezunguka ofisi 7. Unafika masjala, barua inapigwa muhuri wa kupokelewa, unaambiwa utapigiwa simu. Ofisi moja nilirudi kuulizia, karani akaangalia juu ya friji. Pale palikuwa na rundo la barua za wanafunzi, juu yake sinia la vikombe. Yangu aliitoa katikati, ina duara la chai juu ya muhuri wa chuo, haijafunguliwa. Waliopata nafasi siku ya kwanza ni wenye mjomba au shangazi ndani. Wenzangu hao siwalaumu, na mimi ningekuwa naye ningemtumia. Nakilaumu chuo kinachojua mwaka mzima kwamba mwezi wa saba tunatoka, na hakina makubaliano na hata ofisi moja.

Nilipopokelewa, wiki 5 nimepiga fotokopi na kufuata chapati za chai ya saa nne. Niliomba nione vocha za malipo, nikaambiwa hizo si za wanafunzi. Wafanyakazi wale si watu wabaya. Hakuna aliyewaletea hata karatasi moja inayosema huyu mtoto afundishwe nini.

Wiki ya 6 mama mmoja mhasibu, karibu anastaafu, akaniita: "Mwanangu, vuta kiti." Akanitandikia daftari la fedha upande huu, taarifa ya benki upande huu, akanipa kalamu nyekundu. Mstari kwa mstari tukawa tunatia alama. Ikabaki hundi moja haina mwenzake. Akanambia, "Sisi tumeshaiandika, aliyepewa hajaipeleka benki, ndiyo maana salio halilingani." Usuluhishi wa benki, yaani huko kulinganisha daftari na taarifa ya benki, nimeukariri muhula mzima kwa ajili ya mtihani, nimekuja kuuelewa kwenye meza ya yule mama kwa siku 2. Mwenyezi Mungu ampe afya. Basi inawezekana kutufundisha! Kwa nini iwe bahati ya kumpata mtu mwenye huruma?

Na chuoni kuna chumba kimeandikwa mlangoni "Ushauri wa Ajira". Miaka 3 hii nimeitwa huko mara moja, tukakusanywa ukumbini tukaambiwa tujiajiri. Kuandika barua ya maombi ya kazi hakuna aliyenionesha, wala namna ya kukaa mbele ya usaili. Matangazo ya kazi yenyewe yanataka uzoefu wa miaka 2. Uzoefu wangu mimi ni mashine ya fotokopi.

Nataka majina ya taasisi zitakazotupokea yatolewe miezi 2 kabla, ziwemo za Pemba, na kila taasisi ipewe maelezo ya kazi tunazotakiwa kujifunza. Msimamizi aje kwa miguu yake, au pesa yangu irudi. Kama kuvuka kwenda Pemba ni ghali, wapo wahasibu Pemba wanaoweza kuombwa wasimamie.

Jumatatu saa 3 asubuhi nakwenda kwa mkuu wa idara na stakabadhi yangu na daftari langu la fildi, lile lenye kurasa 25 zilizoandikwa "fotokopi". Aliyelipa na hakutembelewa kama mimi, aje na vyake. Nitakuwa nje ya mlango.