KE70 (4K) haishiki sailensa (haitulii bila kukanyaga resi), ikiwa ya moto haiwaki: seti ya ripea, kabureta mpya au ya mtumba?

Kijani70: Wakuu, Corolla KE70, injini 4K, kabureta Aisin ya asili. Asubuhi inawaka vizuri kwa choki. Ikishapata moto, ukiachia resi inazima. Ukiipaki robo saa, starta inapiga weee ndipo iwake. Nichague ipi kati ya hizo tatu?

Bisibisi_Bapa: Usinunue kitu bado mkuu, hayo huenda ni matatizo mawili tofauti. Anza na sailensa. Swichi on bila kuwasha, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta pembeni ya kabureta, urudishe. Lazima isikike "tak". Kama kimya, pima kwa taa ya testa: umeme ukifika, solenoidi imekufa. Ikilia na bado gari inazima, jeti ya sailensa (tundu dogo la kupitisha petroli) imeziba. Ipulize kwa upepo, usiichokonoe kwa waya maana ukitanua tundu hutapata tena mchanganyiko sahihi.

Mama Gereji: Na upepo wa wizi, yaani hewa inayoingia kwa kuvuja bila kupita kwenye kabureta. Kagua hozi ya sevo ya breki, ya advansi ya distribyuta, na gasketi nene chini ya kabureta. Ibane hozi mojamoja kwa koleo. Sailensa ikibadilika ghafla, ndiyo hiyo. Kwenye shina la kabureta tumia maji ya sabuni, si petroli: injini za K zina menifoldi (mabomba) ya hewa na ya eksozi upande mmoja, tone tu linawaka moto.

Bisibisi_Bapa: Nyongeza nzuri dada. Na hapo ndipo tatizo la pili lilipo. Kabureta imekaa juu ya eksozi. Ukizima, joto linapanda, petroli inachemka ndani ya bakuli la kabureta na kumwagikia kwenye menifoldi. Kijani70, subiri robo saa hiyo, kisha tazama kile kioo kidogo cha bakuli. Mafuta yanatakiwa kuwa katikati ya kioo. Yakiwa juu, sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli likijaa) haifungi. Kioo kikiwa kitupu, yamechemka yakaisha, au valvu ya pampu ya mafuta inayarudisha nyuma. Kioo kiko sawa lakini koo la kabureta limelowa: imefuladi, yaani petroli imezidi. Kanyaga resi mpaka chini, ishikilie, piga starta. Usipampu resi, kila pampu inaongeza petroli.

Plagi_0.8: Msisahau moto wa plagi. Koili na kondensa vikichemka hupoteza nguvu. Chomoa plagi, igusishe bodi, piga starta mbali na mvuke wa petroli. Cheche ikiwa ya njano na dhaifu injini ikiwa ya moto tu, badilisha kondensa kwanza, ni rahisi. Mianya: pointi 0.45 mm, plagi 0.8 mm, valvu injini ikiwa ya moto 0.20 mm za hewa na 0.30 mm za eksozi.

Mama Gereji: Sasa swali lako. Shika shafti ya throto (inayozunguka ukikanyaga resi), itikise. Haichezi? Seti ya ripea inatosha: sindano, gasketi, kiwambo cha pampu. Inacheza? Seti haitasaidia, hewa inapita kwenye shafti. Peleka kwa fundi wa kukereza aweke bushi. Ya mtumba mara nyingi ina ugonjwa huohuo, itikise kabla ya kulipa. Kopi mpya ni chaguo langu la mwisho: namba za jeti zake mara nyingi hazilingani na 4K, linganisha na za zamani.

Kijani70: Shafti haichezi. Solenoidi imelia. Kioo kimejaa mpaka juu.

Bisibisi_Bapa: Basi ni sindano ya floti, na jeti ya sailensa uisafishe humohumo. Ukirudisha, skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi iguse, fungua mizunguko miwili na nusu, injini iwe ya moto, choki wazi kabisa, kisha pandisha au shusha mpaka injini itulie kwenye mizunguko 750 hadi 800 kwa dakika. Skrubu ikizungushwa bila sauti kubadilika, rudi kwenye upepo wa wizi.