Kusachiwa getini sawa, ila pawabenki yangu iko wapi?

Wakuu habari za leo, nina hasira mtanivumilia.

Jana nimeenda mpira na mdogo wangu, tiketi za mzunguko tulishakata tangu jumatano, tumeshuka Temeke saa tisa ili tuwahi mechi ya saa kumi na moja. Kufika getini wanaume wana foleni tatu zinatembea, sisi wanawake foleni moja na dada mmoja wa kutusachi, huyohuyo afungue pochi, apapase, apokee na simu yake. Siku hizi kina mama tumejaa uwanjani, hilo nalo hawajaliona?

Zamu yangu anaiona pawabenki, "hii haiingii". Haya niiache wapi? Ananionyesha ukutani, rundo la chupa, miavuli, manukato, hamna namba hamna mlinzi. Nikamuuliza nitaikuta? Kacheka! Maji yetu ya mia tano yakamwagwa, ndani chupa ileile buku, na jua lile la jana mnalijua. Goli la kwanza tumelisikia tuko nje kama watu wa redio.

Sasa kinachoniuma, kipindi cha pili jukwaa la jirani wanawasha moshi na mafataki. Hayo yalipita geti gani?? Maana mimi hadi lipushaini ilifunguliwa ikanuswa. (Kuna vijana tuliwaona wanapita pembeni, wanapeana mikono na mlinzi, salamu ndefu hizo.)

Na msinijie na "usalama kwanza", sijakataa kusachiwa. Paris 2015 wale wa mabomu walijilipua nje ya uwanja wa Stade de France, ndani hawakuingia, najua. Ila pale uwanja wa Olembe, Kameruni, Januari 2022 watu 8 walikufa bila bomu lolote, ni kukanyagana kwenye geti lililofungwa. Jana lile goli lilivyoingia wa nyuma wakasukuma, kuna mama ana mtoto mgongoni akabanwa kwenye chuma mpaka tukapiga kelele ndo wakalegeza. Nilitetemeka jamani.

Kuongeza dada watatu na meza ya kuachia vitu kwa namba ni bei gani, wakati viingilio tunalipa?

Kutoka nikapitia ukutani. Miavuli imeondoka, manukato yameondoka, pawabenki ndo usiseme, zimebaki chupa tupu na yule dada hayupo. Kuna aliyewahi kurudishiwa kitu chake? Alimuona nani?