Mafundi watatu, shilingi 90,000, na hakuna aliyeuliza kama diski yangu ni CD au DVD

Ndugu wanajukwaa,

Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu. Ndani ya siku tatu mfululizo nimehakikishiwa na mafundi watatu tofauti hapa Morogoro kwamba tatizo la kompyuta yangu limekwisha, na mara zote tatu nimeibeba mashine hadi nyumbani nikaikuta ama iko vilevile, ama imeharibika kuliko ilivyokuwa asubuhi yake. Majina ya maduka sitayataja, ila mambo yaliyofanyika nitayaeleza yote.

Baba yangu, mwenye umri wa miaka 78, alipigwa kipimo cha CT cha kichwa, na hospitali ikatupatia picha zake kwenye CD. Daktari bingwa aliyeko Dar es Salaam alitaka azione kabla ya Ijumaa ili aamue kama mzee asafirishwe kilomita zipatazo 190 au aendelee kutibiwa hapahapa. Sehemu yangu katika shughuli nzima ilikuwa kuitia CD hiyo kwenye kompyuta ya mezani, kunakili mafaili na kuyatuma. Jumatatu jioni nikaitia. Taa ya draivu ikawaka, diski ikazunguka kwa kasi, ikapoa, ikazunguka tena, mara nne hivi, kisha kukawa kimya na Windows ikanitaka niweke diski, utadhani trei ilikuwa tupu.

Fundi wa kwanza, siku ya Jumanne, hata hiyo CD hakuigusa. Aliwasha mashine, akaitazama kidogo, akasema, "Bosi, Windows yako imechoka." Akapiga Windows upya kwa shilingi 25,000, na juu yake akapakia rundo la programu nisizomwomba, zikiwemo za kuchoma diski na za kuunda draivu ya bandia, yaani draivu isiyokuwepo ambayo Windows huiona kama ya kweli. Programu hizo mzikumbuke, kwa sababu zitarudi baadaye. Nyumbani CD ilizunguka vilevile na kukataa vilevile.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa wa pili. Huyu angalau alijaribu kitu: alichukua DVD ya filamu kutoka kwenye droo yake, akaitia, filamu ikacheza vizuri kabisa. "Unaona? Draivu yako nzima. Diski ndiyo mbovu." Akachukua shilingi 5,000 kwa ushauri huo. Nikamwamini, na nakiri kwamba nilikuwa na sababu ya kumwamini, kwani karani wa hospitali alikuwa ameandika namba ya mzee juu ya CD kwa kalamu ya wino ya kawaida, akiikandamiza. Watu wengi hudhani upande wa kulinda ni ule unaong'aa tu, lakini kwenye CD tabaka lenye data liko juu kabisa, chini ya lebo, na kinachoilinda ni varnishi nyembamba; mkwaruzo wa upande wa maandishi unaweza kuimaliza diski moja kwa moja. Kwenye DVD data imekaa katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja. Basi nikarudi hospitali, nikapanga foleni hadi mchana, nikalipa shilingi 10,000 nyingine nikachomewa CD ya pili, na safari hii nikamsihi karani aandike kwenye kasha. CD mpya, isiyo na alama hata ya kidole, nayo ikakataliwa.

Usiku ule ndipo nilipofanya kile ambacho mafundi wawili waliolipwa walipaswa kukifanya ndani ya dakika kumi. Nilikusanya kila diski iliyomo ndani ya nyumba, nikazifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni (kufuta kwa kuzungusha huacha mikwaruzo inayofuata njia ya data, na hiyo ndiyo mibaya zaidi), nikaanza kuzitia moja baada ya nyingine huku nikiandika matokeo kwenye karatasi. DVD nne, mbili za filamu za kiwandani na mbili za kuchomwa, zilisomeka zote. CD sita, zikiwemo tatu za kwaya zilizonunuliwa dukani na hizo mbili za hospitali, hazikusomeka hata moja.

Karatasi ile ilikuwa inazungumza waziwazi. Draivu ya DVD ya kompyuta haina mwanga mmoja. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, ambayo jicho haliioni, na DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Leza hizo mbili huwa zimepachikwa kwenye kichwa kimoja, lakini ni vyanzo viwili tofauti, na kimoja kinaweza kufa huku kingine kikiendelea na kazi miaka mingi. Kwa hiyo anayejaribu draivu kwa DVD ya filamu ili ajue kama inasoma CD hajajaribu chochote. Ni sawa na kuwasha taa ya sebuleni ili ujue kama ya jikoni imeungua. Tena kama lenzi ingekuwa na vumbi la kutosha kuzuia CD zote sita, ningetegemea DVD, ambazo vishimo vyake vya data ni vidogo zaidi, nazo zisumbue. Hazikusumbua hata kidogo.

Alhamisi nikaenda kwa fundi wa tatu nikiwa na karatasi yangu mkononi, nikamweleza hayo yote kwa utulivu, nikamwomba jambo moja tu: aniuzie draivu nyingine nzima, kwa bei ya haki, niondoke. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mzee wangu, leza ni leza."

Kisha akaifungua draivu, akapangusa lenzi, na kabla sijasema neno akachukua bisibisi ndogo akakizungusha kiskrubu kinachorekebisha nguvu ya leza, bila kipimo chochote, kwa kukisia tu. Mafundi wengi hufanya hivyo, na kwa siku chache huonekana kama miujiza, kwa sababu leza iliyochoka ikiongezewa umeme hung'aa kidogo. Lakini ukiipa umeme uliozidi unaiunguza. Sijui alikigusa kiskrubu cha leza ipi. Ninachojua ni kwamba alipoirudisha, draivu iliyokuwa inasoma DVD zote haikusoma tena kitu chochote, wala DVD, wala CD. Nikatozwa shilingi 15,000 za "kusafisha", kisha nikauziwa draivu nyingine kwa shilingi 45,000, "mpya", ingawa trei yake ilikuwa na vumbi pembeni na matundu yake ya skrubu yalikuwa yameshakwaruzwa.

Nayo akaijaribu kwenye kompyuta yake ya mezani, haikujaribiwa kwenye yangu. Ilisoma CD, hilo nililiona. Halafu akaifunga ndani ya mashine yangu, akafuta baadhi ya programu za fundi wa kwanza akidai zinaleta uzito, akafunika kasha na kuniaga bila kuiwasha tena. Nyumbani draivu haikuonekana kabisa. Trei ilifunguka, taa iliwaka, lakini Windows haikuwa na habari kwamba kuna kitu kama hicho duniani.

Ilikuwa saa mbili usiku wa Alhamisi. Nikavuka barabara hadi kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu mwenye kompyuta mpakato ya zamani ambayo vitufe vyake vitatu vimeng'oka. CD ya kwanza, ile iliyoandikwa kwa kalamu, ilifunguka kabla hajamaliza kunikaribisha kiti. Ya pili nayo ikafunguka. Diski zilikuwa nzima tangu mwanzo, zote mbili. Nikanakili kila kitu kwenye flashi, pamoja na faili liitwalo DICOMDIR ambalo ndilo orodha ya picha zote, kwa maana mafaili ya CT hayafunguki kwa kubofya kama picha za kawaida, na ukituma machache tu unampa daktari kitabu kilichochanwa kurasa. Saa nne usiku picha zilikuwa Dar es Salaam.

Na hapa najilaumu na mimi. Kuvuka barabara kungenigharimu hatua arobaini siku ya Jumatatu. Diski ikikataa, kitu cha kwanza ni kuijaribu kwenye mashine nyingine. Cha pili ni kuitia mashine yako diski nyingine ya aina ileile. Lakini mimi si fundi, wala sijaandika juu ya mlango wangu kwamba ninatengeneza kompyuta.

Jumamosi nikaishughulikia hiyo draivu "mpya" mwenyewe. Kwenye ukurasa wa BIOS, programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla Windows haijawaka, jina lake lilionekana, kwa hiyo waya wa data na wa umeme havikuwa na tatizo. Ndani ya Windows, kwenye orodha ya vifaa, ilikuwa na pembetatu ya njano na kosa namba 39. Kosa hilo kwa draivu za diski lina historia ndefu: programu za kuchoma diski na za draivu bandia hujiandikisha kwenye sajili ya Windows, yaani daftari lake la ndani la mipangilio, kwa majina ya UpperFilters na LowerFilters, na zikifutwa vibaya huacha maandishi hayo nyuma, Windows ikawa inatafuta kitu kisichokuwepo na kuikataa draivu nzima. Niliweka nakala ya sajili kwanza, nikaenda kwenye kundi la vifaa linaloanza na 4D36E965, nikafuta maandishi hayo mawili, nikazima na kuwasha. Draivu ikatokea. Yaani fundi wa kwanza alipanda mwiba na wa tatu akauvunjia ndani, na wote wawili nimewalipa.

Nilimpigia simu fundi wa tatu nikamwambia nataka vitu viwili: shilingi 15,000 zangu za kusafisha, kwa sababu aliua kilichokuwa hai, na draivu yangu ya zamani aliyobaki nayo, ambayo sikumwuzia wala kumwachia. Kuhusu pesa alisema tutaongea. Kuhusu draivu alisema ameshaifungua na kutoa mota yake, ameifunga kwenye mashine ya mteja mwingine.

Risiti ya maandishi ninayo, na karatasi ya majaribio ninayo, yenye tarehe. Jumatatu asubuhi ninakwenda dukani kwake. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kurudishiwa fedha katika hali kama hii, naomba aniambie alianzia wapi.