Ushauri: mafunzo ya siku tatu ya usimamizi wa ruzuku za utafiti kwa watumishi 40, ratiba hii imekaa sawa?

Karani_wa_Ruzuku:
Wakuu, habari za muda huu. Nimekabidhiwa kuandaa mafunzo kwa watumishi 40 wa chuo: wahasibu, watu wa ununuzi, makarani wa idara na watafiti wakuu wachache. Siku ya kwanza ni utangulizi na sheria. Ya pili ni bajeti na gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji kama umeme, ofisi na utawala (mfadhili wetu anatoa asilimia 25). Ya tatu ni kufunga mradi, maana taarifa za mwisho zinatakiwa ndani ya siku 120, halafu tunamalizia na zoezi la kujaza fomu za muda wa kazi, zile mtumishi anazoandika siku alizofanyia mradi. Ukumbi umeshalipiwa, tarehe haisogei. Nipeni mawazo, nina presha kweli.

Kalamu_Nyekundu:
Futa utangulizi. Kila meza ipewe mkataba halisi wa ruzuku, majina yamefichwa, na dakika 40 za kutafuta mambo haya: tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi gani cha bajeti kinaweza kuhamishwa bila kuomba kibali, malipo yanakuja kwa awamu au kwa kurudishiwa, sarafu ipi, nani mwenye mamlaka ya kusaini, data ni ya nani. Majibu mengi yako kwenye viambatisho, na viambatisho ndivyo visivyosomwa. Matokeo yake mhasibu analipa ankara ya kazi iliyofanyika kabla ya tarehe ya kuanza, kisha gharama inakataliwa. Mtafiti mkuu akisaini mkataba mwenyewe kwa niaba ya chuo, hilo nalo ni somo la nusu siku.

Mzee_wa_Vocha:
Mafunzo, mafunzo! Watu wanajua, hawataki tu. Wafundishe ununuzi, huko ndiko pesa inakopotelea. Profoma tatu zenye mwandiko mmoja, tarehe moja, na kosa lile lile la tahajia. Mashine inaagizwa mwezi wa mwisho wa mradi, inafika mradi umeshafungwa, halafu mnashangaa mfadhili akiuliza ilitumika kwenye utafiti upi. Uaminifu hauna silabasi.

Chumvi_Kidogo:
Siku tatu na posho haijatajwa? Siku ya pili utabaki na projekta.

Bi_Mizania:
Asilimia 25 ya nini? Hapo ndipo darasa lote huanguka, kwa sababu watu huzidisha asilimia na jumla ya bajeti. Chukua mfano wa ruzuku ya serikali ya Marekani kwa chuo kisicho na kiwango chake cha gharama hizo kilichokubaliwa. Kanuni zilizoanza Oktoba 1, 2024 zinaruhusu hadi asilimia 15, zamani ilikuwa 10. Tuseme gharama za moja kwa moja ni dola 300,000, ndani yake mna mashine moja ya 40,000 na mshirika mmoja aliyepewa 90,000. Mashine unaitoa yote. Kwa mshirika unabakiza 50,000 za kwanza, zile 40,000 zinatoka. Msingi ni 220,000, asilimia 15 yake ni 33,000. Asiyejua ataandika 45,000, na hizo 12,000 chuo kitazirudisha baada ya kuzitumia. Wape mfano huu wakokotoe kwa mkono kwanza, Excel baadaye.

Kalamu_Nyekundu:
Mleta uzi, hizo fomu za muda wa kazi za siku ya tatu ni za mwezi gani?

Karani_wa_Ruzuku:
Ni za kujifunzia tu, mkuu. Tuendelee na ratiba.

Kalamu_Nyekundu:
Zitakuwa na majina halisi? Baada ya zoezi zinakwenda kwenye jalada la mradi au kwenye pipa?

Karani_wa_Ruzuku:
Haya. Wakaguzi wa mfadhili wanakuja wiki sita zijazo. Fomu za miezi 14 hazipo. Mkubwa ameelekeza kila mmoja ajaze zake siku hiyo, msimamizi awepo asaini. Lakini jamani, kazi ilifanyika kweli na mishahara ililipwa kweli. Tunakamilisha makaratasi tu. Fomu zimeshachapishwa.

Mzee_wa_Vocha:
Nilisema mimi.

Kalamu_Nyekundu:
Kujaza leo si kosa. Kosa ni kuandika tarehe ya mwaka jana. Mkaguzi hasomi fomu peke yake, anailinganisha na daftari la likizo, tiketi za safari na ratiba ya vipindi. Mtu amejaza siku nzima ya maabara, kumbe alikuwa likizo ya ugonjwa. Msimamizi amesaini Machi, barua yake ya ajira ni ya Juni. Au chini ya fomu kuna namba ya toleo ambalo mwezi ule halikuwepo. Ikifika hapo, hoja si fomu zilizokosekana tena. Ni kughushi.

Njia ipo. Chini ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, mfadhili anaweza kukubali ushahidi mbadala akiridhika nao. Kila mtu aandike tamko lenye tarehe ya leo, aeleze kwamba fomu hazikujazwa, aambatishe vilivyoandikwa wakati ule: daftari la maabara, barua pepe, mihtasari ya vikao, kumbukumbu za mitambo. Mwezi usio na ushahidi, gharama yake itoeni wenyewe.

Bi_Mizania:
Subirini. Hii chai. Asilimia 25 isiyobadilika ni ya Horizon Europe, na huko taarifa ni siku 60 baada ya kipindi cha taarifa kuisha. Siku 120 ni za ruzuku za serikali ya Marekani. Huyu "mfadhili wetu" mmoja ametoka wapi?

Chumvi_Kidogo:
Kesho anatuuzia kozi na cheti. Nipo pale nimekaa.

Karani_wa_Ruzuku:
Siuzi chochote! Ni miradi miwili, nilifupisha. Mmoja wa Ulaya, mmoja wa Marekani. Wakaguzi ni wa huo wa Ulaya.

Bi_Mizania:
Sawa, nafuta chai. Ila sasa ndiyo umenitisha. Watumishi wangapi wamo kwenye yote miwili, na kwa asilimia ngapi?

Karani_wa_Ruzuku:
Sita. Asilimia 60 huku na 60 kule, ndivyo bajeti zilivyoandikwa. Na wanafundisha pia.

Bi_Mizania:
Asilimia 120 ya mshahara mmoja, bado vipindi! Bajeti ni makadirio. Kwa Marekani unaruhusiwa kuanza nayo kwa muda, lakini lazima baadaye urekebishe kulingana na kazi iliyofanyika, na kumbukumbu zionyeshe kazi zote za mtu hadi asilimia 100. Kwa Ulaya siku zinathibitishwa kwa sahihi angalau kila mwezi, na mshahara wa mwaka unagawanywa kwa 215 kupata gharama ya siku moja. Mngejaza zile fomu za Ulaya, mngekuwa mmeandika kwa mkono wenu ushahidi dhidi ya mradi wa Marekani.

Karani_wa_Ruzuku:
Kwa hiyo mafunzo niyafute? Mkubwa hataelewa.

Kalamu_Nyekundu:
Usifute. Badili siku ya tatu. Asubuhi wale sita, wasimamizi wao na mhasibu wakae chumba cha pembeni na orodha ya mishahara ya miezi yote 14. Jedwali moja kwa kila mtu: mradi wa kwanza, wa pili, kufundisha, likizo, jumla isizidi 100. Ziada itolewe kwenye miradi, ibebwe na chuo chenyewe, kila marekebisho yawe na maelezo na sahihi, kisha taarifa ya fedha iliyorekebishwa iende kwa kila mfadhili kabla wakaguzi hawajafika. Wengine 34 wajifunze kujaza fomu ya mwezi huu huu.

Mkubwa mwandikie barua pepe leo, mistari mitano, umwombe athibitishe maelekezo yake kwa maandishi. Nakala kwa mkaguzi wa ndani.

Karani_wa_Ruzuku:
Nakala kwa mkaguzi wa ndani ni lazima?

Mzee_wa_Vocha:
Ni lazima.