Mrejesho: ile tyuna ya mzee, nimelipia nusu tu
Wakuu habari zenu, mi ndo niliuliza kama nimlipe fundi aiboreshe tyuna ya mzee (mashine ya kunasa stesheni za redio), Pioneer TX-9500 ya miaka ya 70, abadili kapasita zote (vipuri vya kutunza chaji ya umeme), filta za kuchuja stesheni na chipu za sauti. Nimelipia kapasita za pawa saplai (sehemu ya kuilisha umeme) na alaimenti (kuiseti upya ishike stesheni sawasawa) basi, maana mshale wa kutyuni ulikuwa unakaa katikati kabisa, kama vile stesheni imeshikwa vizuri, huku sauti inakwaruza, sasa vimerudi sawa. Chipu nimegoma, stereo ya FM yenyewe inaishia kilohezi 15, sauti nyembamba za juu ya hapo hazirushwi kabisa na chipu mpya haiwezi kuzileta, hizo hela za nini jamani? Filta nyembamba zinasaidia stesheni zikiingiliana, kwangu haziingiliani. Chenji nikanunua antena ya nje nikaifunga juu ya bati na hapo ndo stereo ikatulia, ule mchakacho wote kwisha.