Utabiri wa majira yote ya baridi unaaminika kiasi gani? Naombeni ushauri kabla sijaagiza chumvi

PlauMbili (mleta mada)
Wakuu habarini. Nafanya kazi ya kuondoa theluji na kumwaga chumvi kwenye maegesho ya magari, jumla hekta mbili, kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Ni Oktoba, na kila nikigusa simu naona utabiri kwamba Desemba hadi Februari baridi itakuwa ya kutisha. Swali langu ni moja tu: utabiri wa miezi mitatu mbele unaaminika au hauaminiki? Nataka kuagiza chumvi kabla bei haijapanda. Usingizi umenipaa, naomba wanaojua wanisaidie.

Kipimajoto
Karibu mkuu. Neno "unaaminika" ndilo linalokuchanganya. Vituo vikubwa havisemi kutakuwa na baridi. Vinachukua majira ya baridi ya miaka iliyopita, vinayapanga kuanzia yenye baridi zaidi hadi yenye joto zaidi, kisha vinayakata mafungu matatu yaliyo sawa. Kabla hujajua lolote, kila fungu lina asilimia 33. Ramani ikikuonyesha 45 kwenye fungu la baridi, bado 55 ziko kwenye mafungu mawili mengine.

Hizo asilimia zinatokana na kuhesabu. Modeli ya msimu (programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa) ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri, huendeshwa mara nyingi, mara 51 katika toleo la SEAS5, kila mara ikianzia hali iliyotofautiana kidogo sana, kwa sababu kosa dogo la mwanzo hukua na baada ya wiki mbili hivi hakuna anayeweza kusema siku fulani itakuwaje. Kinachobaki ni mwelekeo tu: joto la bahari, El Niño au La Niña, upepo wa tabaka la juu la anga.

DadaTakwimu
Naongezea kwa eneo lako. Huko mambo yanategemea sana tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Iceland na visiwa vya Azores kwenye Atlantiki. Tofauti ikiwa kubwa, upepo wa magharibi unaleta hewa ya baharini: mvua nyingi, baridi kidogo. Ikiwa ndogo, hewa ya mashariki inapenya. Utafiti wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, uliochapishwa 2014 ulipata uwiano (kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyoenda pamoja, 1 ikiwa ni sawasawa kabisa) wa 0.62 kati ya utabiri ulioanzia mwanzoni mwa Novemba na kilichotokea, kwa majira ya baridi ya 1993 hadi 2012. Kwa watu wa fani hayo ni mafanikio makubwa. Lakini sehemu ya mabadiliko inayoelezwa hupatikana kwa kuzidisha uwiano kwa wenyewe: 0.62 mara 0.62 ni kama 0.38, yaani zaidi ya nusu ya mabadiliko ya mwaka hadi mwaka bado hayajaelezwa. Na hapo wanatabiri mgandamizo wa hewa, hawatabiri theluji kwenye maegesho yako.

Kaskazi
Mimi naona tatizo ni hamu yetu. Vuli ikianza watu wanataka neno la uhakika, na anayesema "nafasi zimeongezeka kidogo" hasikilizwi. Anayetangaza baridi ya karne kila mwaka ataonekana nabii siku itakapotokea, na miaka aliyokosea hakuna aliyeiandika. Mwaka 2009 Met Office ilitabiri kiangazi cha joto kwa maneno ya kuvutia, uwezekano asilimia 65. Julai ikajaa mvua, lawama zikawa nyingi, na Machi 2010 wakaacha kutoa utabiri wa msimu kwa umma kwa mtindo ule. Ile 35 iliyobaki ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila wasomaji waliiruka. Tujifunze kusoma namba yote.

ChumviNaBarafu
Mleta mada, kabla hatujafika mbali: unalipwa bei moja ya msimu mzima au kwa kila safari? Na hiyo chumvi ni tani ngapi? Hujasema, na jibu lote liko hapo.

PlauMbili
Mkataba si tatizo mkuu. Mimi naulizia utabiri.

ChumviNaBarafu
Ndugu yangu, huwezi kuuliza uwezekano bila kusema umeweka nini mezani. Sema.

PlauMbili
Sawa. Miaka yote nalipwa bei moja ya msimu. Mwezi uliopita nimebadili mkataba, sasa ni kwa kila safari, theluji ikifika sentimita 5. Chumvi ni tani 60, na malipo ya awali nimeshatoa. Lakini sikukurupuka. Nimeona ramani inayoonyesha sentimita 38 za theluji tarehe 14 Januari, iko wazi kabisa. Na chumvi haiozi, mwaka huu isipoisha nitatumia mwakani.

ChumviNaBarafu
Tupige hesabu. Hekta mbili ni mita za mraba 20,000. Kwa kinga kabla ya barafu, gramu 10 hadi 20 kwa mita ya mraba. Ukiweka 20, mzunguko mmoja ni kilo 400. Tani 60 ni mizunguko 150, na Desemba hadi Februari ina usiku 90. Hata ukiweka gramu 40 kila mara kwa ajili ya theluji, ni mizunguko 75.

Halafu chumvi haifuati ukali wa baridi. Inafuata idadi ya usiku ambao barabara ina unyevu na inavuka sifuri. Majira yasiyo makali, yanayopanda na kushuka kwenye sifuri, yanaweza kula chumvi nyingi kuliko wiki sita za baridi kavu ya mfululizo. Ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inayeyusha polepole mno. Wastani wa miezi mitatu haukuambii lolote kati ya hayo.

MtuWaPwani
Samahani, hii ni chai. Hakuna kituo duniani kinachotoa utabiri wa msimu wenye sentimita za tarehe moja. Mtu wa kazi hii angejua. Nadhani uzi umeletwa kututangazia chaneli fulani ya kulipia, subirini kiungo kinakuja.

Kaskazi
Hata mimi nilishtuka. Na mtu mwenye uzoefu analipiaje tani 60 kwa hekta mbili?

PlauMbili
Sina chaneli na sileti kiungo chochote. Nimejieleza nilipobanwa, mnaniita mwongo. Ramani ninayo, pembeni imeandikwa CFSv2.

Kipimajoto
Basi si chai. CFSv2 ni modeli ya Marekani inayoendeshwa mara nne kwa siku, na kila mara kuna mwendo unaofika miezi tisa mbele. Data ni za bure, na tovuti nyingi huchora kila kitu kilichomo, hata theluji ya siku moja. Ulichoona ni mwendo mmoja kati ya mingi. Ifungue ramani hiyo hiyo saa sita baadaye: zile 38 zitakuwa zimehama au zimefutika. Wenye modeli wenyewe wanatumia wastani wa miendo mingi.

DadaTakwimu
Kaka, hata wastani ukipatia unaweza kukuponza. Majira ya baridi ya 2017/18 Uingereza yalikaribia wastani wake. Lakini 12 Februari 2018 upepo wa tabaka la juu kwenye ncha ya kaskazini uligeuka, na mwisho wa mwezi theluji ya mashariki ikaingia hadi Machi. Ishara hiyo haitabiriki Oktoba. Januari 2019 upepo uligeuka tena, lakini 26 Februari London ikafika nyuzi 21 za joto. Kuanzia Desemba fuatilia utabiri wa wiki mbili hadi nne, hapo ndipo utajua kuongeza au kupunguza.

PlauMbili
Nimeifungua tena sasa hivi. Tarehe 14 Januari inaonyesha mvua.

Kurudi bei ya msimu mzima siwezi, nimeshasaini. Ila nitaomba mkataba uongezwe kiwango cha chini cha safari zinazolipwa hata theluji isipokuja. Chumvi, nitamwomba muuzaji alete tani 20 sasa na zilizobaki ziwe kwa kuita, yaani alete nikimwambia. Akikataa, zote nitaziweka wapi?

ChumviNaBarafu
Juu ya zege au lami yenye mteremko kidogo, kamwe si juu ya udongo, maji ya chumvi yatafika kwenye visima. Funika kwa turubai hadi chini na uikandamize pande zote, mvua ikiingia inaganda mabonge na kisambazaji kitaziba. Lundo liwe moja refu badala ya madogo mengi. Na mwombe muuzaji tarehe ya mwisho ya kuita iwe katikati ya Februari, si Desemba.